Funda la Kwanza

Jiko la Mama Venanti liliungua Jumatatu asubuhi, na kabla jua halijapinda mchawi alikuwa ameshapatikana.

Moto ulianzia kwenye kona ya vifaranga. Ulipanda kwenye nyasi za paa, ukala mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya mafiga, ukaacha kuta nyeusi na sufuria moja iliyopinda. Majirani walikuja mbio na ndoo, wakakuta hakuna tena cha kuzima. Katikati ya uwanja alisimama Odilia, mjukuu wa nyumba ile. Alikuwa na miaka minane na mwili wa mtoto wa miaka mitano. Vifaranga watatu walikuwa wakilia ndani ya gauni lake la shule.

"Nani ametoa moto mafigani?" baba yake, Venanti, alimwuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanasikia baridi," alisema Odilia, akamfunulia gauni awaone. Kisha akacheka, akatazama nyuso za watu kuona nani atacheka naye.

Hakucheka mtu. Mama Venanti alikuwa ameketi chini, kitambaa kimemwanguka kichwani. "Asubuhi hii hii nimemwambia! Nenda kisimani, pitia kuni, fungua mbuzi, ukirudi ufagie, na moto usiuguse. Katika yote hayo hakufanya hata moja. Nililomkataza ndilo alilolifanya. Huyo ni mtoto?"

"Juzi ameiosha simu ya mwalimu kwenye mtungi," alisema jirani mmoja.

"Na yule mwuza dagaa? Si alimfuata mpaka barabara kuu, akimwita baba?"

"Leo unamfundisha herufi anaijua. Kesho ukimwonyesha, anakutazama kama umemtukana."

Mama Venanti alinyanyua kichwa polepole. Alikuwa mwanamke wa kutosema jambo mpaka awe na hakika kwamba wote wanasikiliza. "Niwaulize ninyi mliokuwepo," alisema. "Kondo la nyuma la mtoto huyu, nani alilizika, akazika na akili zake?"

Watu waligeuka, bila kuambiwa, kuelekea nyumba ndogo iliyokuwa nyuma ya shamba la mihogo. Huko aliishi bibi Ndihokubwayo, mkunga, aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa pale Murungu, akafiwa na mume, akabaki. Alikuwa amewapokea mikononi mwake nusu ya watu waliosimama uwanjani. Mwaka ule wa 2012 malori yalikuwa yakiwarudisha kwao Warundi wa kambi ya wakimbizi, na kila lililopita barabarani lilimfanya mtu fulani akumbuke kwamba hata yeye alikuwa wa huko.

Mwenyekiti wa kitongoji, Hilali, mwenye duka la chumvi na sabuni, alisema mambo ya namna hii hayasemwi juu ya majivu ya moto. Yasemwe kwenye mkutano, Jumamosi. Wote wakakubali. Kwa jinsi walivyokubali haraka, ilionekana wazi kwamba uamuzi ulikuwa tayari na kilichobaki ni kukutana.

*

Mama Venanti alitaka mtoto apelekwe kwa mganga. Kezia, mama wa Odilia, alikataa. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba kuna daktari wa watoto kwenye zahanati moja ya Kasulu, na Kezia aliuza kuku wawili apate nauli.

"Nenda," Venanti alimwambia, akimkabidhi mfuko wa viazi vya njiani. "Lakini Jumamosi uwe hapa. Na huko usiwaeleze mambo ya nyumba yetu."

"Mambo gani?"

"Yoyote."

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyefunga ushungi, jina lake Shadia. Kezia alimtazama kwa mashaka. Alikuwa ametarajia mzee. Daktari alimpima Odilia kichwa kwa utepe, akamtazama macho, akamgusa kwa kidole pale kati ya pua na mdomo, mahali ambapo kwa watu wengine pana kijifereji. Kwa Odilia palikuwa pamesawazika, na mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kama uzi. Aliuliza kama mtoto aliwahi kupata degedege, kama aliwahi kuanguka, kama alichelewa kulia alipozaliwa. Kwa kila swali Kezia alisema hapana.

"Ulipokuwa na mimba yake, mama, ulikuwa unakunywa pombe?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa kanisa, daktari!"

"Hata kidogo?"

"Sinywi. Wanaokunywa ni wateja wangu. Mimi ninaonja tu."

Daktari Shadia aliacha kuandika. "Unaonjaje?"

Kezia alifurahi kuulizwa jambo analolijua. Alimweleza kwamba yeye hupika rubisi, pombe ya ndizi, na kuiuzia nyumbani, na kwamba kwao mtu hagusi pombe kabla aliyemletea hajainywa mbele ya macho yake, ili ajue haina sumu. Si kumdharau mwenye nyumba. Ndiyo adabu yenyewe. Kila mteja na kibuyu chake na mrija wake, na funda la kwanza ni la mama muuzaji. "Si unajua watu wa kwetu walivyo waoga wa sumu," alimaliza, akitabasamu.

"Kwa hiyo wateja wakiwa wengi, na wewe unaonja mara nyingi."

"Siku ya soko ni wengi mno."

"Na jioni ya siku ya soko, ukiwa na mimba, ulikuwa unajisikiaje?"

Kezia alifungua kinywa kujibu, akaukumbuka ukuta. Alikuwa akiushika kwa viganja kutoka mlangoni hadi kitandani, na Venanti akimtania kwamba mimba hii inalewesha kuliko rubisi. "Nilikuwa ninalala mapema," alisema.

Daktari alikivuta kiti karibu. Alisema kwamba kichwa cha mtoto hujengwa tumboni miezi yote ya mimba, na kwamba anachokunywa mama hupita kwenye kitovu kikamfikia mtoto. Pombe ikifika, ubongo hujengeka ukiwa na mapengo. "Huo si wazimu, mama. Si pepo, wala si ukaidi. Ukimfundisha leo kesho amesahau, kwa sababu pale pa kushikia neno hapakukaa sawa. Na pale panapotuambia mimi na wewe 'ngoja kwanza', kwake pako kimya. Anaona kifaranga ana baridi, anaona moto, basi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua. Na sina kipimo cha damu cha kunihakikishia. Ninaangalia uso wake, kichwa chake, tabia zake na haya uliyonieleza."

"Dawa yake ipo?"

"Ya kuyaziba mapengo, hapana. Lakini anaweza kujifunza mengi. Mpe neno moja tu. Akilimaliza, mpe jingine. Mambo yale yale, kwa utaratibu ule ule, kila siku. Ukimpiga atakumbuka maumivu, kosa hatalikumbuka." Aliinuka, kisha akakumbuka jambo. "Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye mimba?"

"Mke wa shemeji yangu."

"Asionje. Hata hilo funda."

*

Kezia alitoka zahanati akiwa hasikii kelele za soko la Kasulu. Alipofika kwenye mafungu ya ndizi aliutazama mkono wake, akaona hauna mtoto.

Alimwona ng'ambo, ameshika kitenge cha mwanamke mmoja wa Kikongo aliyekuwa na beseni la mikate kichwani. Walikuwa wanaondoka pamoja. Kezia hakufikiri. "Mwizi wa watoto!" alipiga kelele. "Mkamateni!"

Watu walijaa mara moja, kana kwamba walikuwa wakingoja kuitwa. Mwanamume mmoja alishaanza kuuliza, "Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?" Mwingine alishalishika beseni.

"Mama, mutoto ni wako, sikatai," alisema mwanamke yule. Sauti yake ilitetemeka lakini hakumwachia Odilia. "Ameshika nguo yangu tangu kule. Namuuliza mama yako iko wapi, yeye anacheka tu. Nilikuwa namupeleka polisi. Ulitaka nimutupe njiani?"

"Mama huyu ana mkate," alisema Odilia, akionyesha kinywa kilichojaa.

Kezia aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. "Nisamehe, mama," alisema polepole.

"Hapana kunieleza mimi. Mimi najua sikuiba. Waeleze hawa."

Ikambidi Kezia awageukie watu wa soko, mmoja mmoja, na kusema kwa sauti kwamba kosa ni lake, kwamba mtoto huyu humfuata kila mtu. Waliondoka shingo upande. Wengine walimtazama yule Mkongo kana kwamba bado lazima kuna kitu.

*

"Wamesemaje?" Venanti alimwuliza aliporudi.

"Ni ubongo."

"Umefanywa nini?"

"Haukufanywa. Amezaliwa hivyo."

"Mtu hazaliwi hivyo bila sababu." Alimtazama mkewe akimfungua mtoto viatu. "Kezia. Wamekuambia kitu kingine."

"Wamesema tumpe neno moja moja. Mama akimtuma, amtume jambo moja tu, akirudi amtume jingine."

"Umeenda mpaka Kasulu kutuletea hilo?" Mama Venanti alidakia kutoka kivulini, ambapo alikuwa akisuka nyasi za paa jipya. "Niangalie, mkamwana. Mbona unasema na viatu vya mtoto?"

Kezia hakumwangalia. Mashaka ya nyumba ile, ambayo mpaka jana yalielekea kwa mkunga peke yake, yalianza kumzunguka yeye pia. Akisema, watasema ndiye aliyemharibu mtoto wa watu, na kwao Kasanda watamwona akirudi na mkeka kichwani bila Odilia. Asiposema, Jumamosi itafika.

Kesho yake alikwenda kwa bibi Ndihokubwayo. Alimkuta ameshafunga mzigo: blanketi, chungu, jembe lisilo na mpini.

"Mwakeye, bibi," Kezia alimsalimia.

"Mwakeye, mwanangu. Usikae karibu na mlango, watakuona."

Kezia alimweleza yote. Bibi alisikiliza, macho yake yakimfuata Odilia aliyekuwa akimbeba paka mgongoni. "Siku ya uchungu wako," alisema mwishowe, "mimi mwenyewe nilikunywesha pombe ili upate nguvu. Unakumbuka? Tangu niwe mkunga nimewapa wote." Aliuvuta mzigo wake karibu. "Basi labda ni kweli nimewaloga."

"Usiseme hivyo, bibi."

"Na wewe usiseme kitu Jumamosi. Wakikufukuza, huyu atabaki na nani? Mimi nimekwisha kuvuka mpaka mara moja, njia naijua."

Njiani Kezia alijikuta akijiuliza bibi yule ananufaika nini kwa kumnyamazisha. Labda kweli anaficha jambo. Alipita nusu ya shamba la mihogo na wazo hilo kabla hajalitambua kuwa ni lile lile lililompigisha kelele sokoni Kasulu.

*

Jumamosi watu walikutana mbele ya ghala la zamani la tumbaku. Wanaume waliketi kwenye magogo, wanawake kwenye mikeka. Bibi Ndihokubwayo alisimama pembeni peke yake na mzigo wake, na nafasi iliyokuwa kati yake na mtu wa karibu ingetosha kulaza ng'ombe.

Mama Venanti alikuwa ameagiza pombe, kwa kuwa kwao maneno mazito hayaanzi na koo kavu. Prudence, mke wa shemeji yake Kezia, alikuwa akigawa vibuyu, tumbo lake likitangulia mbele. Alifika kwa mzee Bazilio, ambaye hajawahi kukosa mkutano wenye pombe.

"Onja kwanza, mama," alisema Bazilio kwa upole, kama anavyosema siku zote.

Prudence aliinamisha kichwa kwenye mrija. Kezia aliinuka mkekani, akaushika mrija, akauchomoa.

"Usionje."

"Ha! Basi onja wewe, mama Odilia," alisema Bazilio.

"Mimi nami sionji tena."

Vibuyu vilishuka chini kimoja baada ya kingine. Mtu aliyekuwa amekwisha kupeleka mrija mdomoni aliutoa, akatema mate.

"Kuna nini humo ndani?" aliuliza Hilali.

"Venanti, mwanangu," Mama Venanti alisema, naye amesimama, "mkeo ametia nini kwenye pombe yangu?"

"Hakuna kitu, mama. Ni ndizi na mtama, nimeipika mwenyewe." Kezia alimgeukia yule mzee. "Mzee Bazilio. Mwaka niliokuwa na mimba ya Odilia, ulikuwa unanywa kwangu?"

"Nani alikuwa hanywi?"

"Ulikuja kabla ya misa na baada ya misa," mtu alichokoza, watu wakacheka kidogo.

"Na kila mara uliniambiaje?"

Mzee alikuna kidevu. "Onja kwanza, mama."

"Nami nilionja. Wewe, na aliyekufuata, na yule wa nyuma yake. Kutwa nzima. Daktari amesema kila funda lilimfikia mtoto tumboni likamharibu ubongo wakati unajengwa. Ndiyo maana anasahau. Ndiyo maana haogopi moto wala haogopi watu. Hakuna aliyechukua akili zake na kuzizika popote."

"Kwa hiyo wachawi ni sisi!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Mimi sinywi pombe, na mnajua dini yangu," Hilali alisema haraka. "Mimi nitolewe."

"Kapewa nini na huyu Mrundi?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Jana ameonekana akitoka kwake!"

"Nilitoka kwake, ndiyo. Naye alininywesha siku ya uchungu, ili nipate nguvu. Na mama hapa aliniletea kibuyu kila asubuhi nikiwa na mimba, ili maziwa yaje kutoka. Na mimi nilipika, na mume wangu aliniona nikishika ukuta akacheka. Kama ni kufukuza, mtufukuze wote. Ila hakuna aliyejua."

Mama Venanti aliweka kiganja mdomoni. Kile kibuyu cha asubuhi alikuwa amekitoa kwa moyo mweupe. Alikuwa amekibeba kwa mikono yake miwili kwenye umande.

Watu walimtazama Venanti. Mwanamume aliyetajwa mbele ya watu na mke wake ana mambo machache anayotegemewa kufanya, na wengine walijisogeza wampishe. Aliinuka. Alikwenda mpaka alipo Kezia, akauchukua mrija mkononi mwake. Alikitazama kibuyu muda mrefu, maana hata yeye, mumewe, mashaka yalikuwa yamemwingia. Akautumbukiza mrija. Akainama, akanywa funda refu.

Alipomaliza alifuta mdomo. "Nyumbani kwangu," alisema, "kuanzia leo, anayeonja ni mimi."

Alikirudisha kibuyu kwa mzee Bazilio. Mzee hakukipokea.

"Tungoje kidogo," alisema, akimchungulia Venanti usoni.

Wakangoja. Mkutano mzima ulimtazama mtu mmoja aliyesimama, kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Bazilio alikohoa, akavuta mrija wake, kisha akamtazama Prudence na tumbo lake, akasema, "Wewe mama, nenda kaketi." Wengine walichukua vibuyu vyao. Wachache waliviacha pale pale chini, wakaondoka bila kuaga.

Hilali alisema kwamba kwa habari ya bibi Ndihokubwayo hajasikia ushahidi, na kwamba mkutano umefungwa. "Sikusema jambo limekwisha," aliongeza, akiwatazama waliokuwa wakinong'ona. "Nimesema mkutano umefungwa."

Uwanja ulibaki na watu wachache. Bibi Ndihokubwayo alikuwa bado amesimama mahali pale pale, kama mtu asiyejua njia ipi sasa ni yake. Mama Venanti alimtazama, akatazama kwingine, akamtazama tena.

"Bado simwamini," alimwambia Kezia kwa sauti ya chini. "Nakuambia ukweli."

Kisha akaita, "Odilia! Nenda kachukue kigoda, upitie kwa..." Mtoto alikuwa ameshasimama mbele yake, akicheka, akitazama uso wake. Mama Venanti alianza tena, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Odilia. Lete kigoda."

Odilia alikimbia. Alipita karibu na mbuzi, akageuza kichwa kuwaangalia, Kezia akashika pumzi. Mtoto alirudi na kigoda amekikumbatia kifuani.

"Sasa," alisema Mama Venanti, "mpe bibi yule."

Bibi Ndihokubwayo aliketi. Mzigo wake aliuweka mapajani. Alikuwa ameuzungushia mikono, na siku ile hakuufungua.